Hekalu Kubwa la Thanjavur na Hesabu Zake

Mahekalu ya Wahindu si kitu kigeni kwetu. Anayekaa Mombasa, Nairobi, Dar es Salaam au Unguja amepita mbele yake mara nyingi, amesikia kengele zake, na pengine amealikwa na mwanafunzi mwenzake kula vitamu siku ya Diwali. Lakini Wahindi waliohamia Afrika ya Mashariki walitoka zaidi katika nchi za Gujarat, Kachi na Punjab, yaani magharibi na kaskazini ya Bara Hindi, na mahekalu yao hufuata desturi za huko walikotoka. Kusini, katika nchi ya Watamil, mambo ni mbali. Lugha yao si jamaa ya Kigujarati hata kidogo, herufi zao ni nyingine, na mahekalu yao ya kale ni makubwa hata mtu hudhani kwamba hekalu lilitangulia, mji ukafuata kulizunguka.

Mwezi wa Januari nilikuwa Chennai kwa mafunzo ya walimu, na tulipopewa siku tatu za mapumziko nilipanda gari la moshi la usiku kwenda Thanjavur, mji ambao Waingereza waliuita Tanjore. Ni safari ya kilomita 350 hivi kuelekea kusini. Kulipopambazuka nilitazama dirishani nikaona mpunga pande zote mbili za reli, mwingine umeiva, mwingine umekwisha kukatwa, na mifereji ya maji ikikatiza kila mahali. Hiyo ndiyo nchi ya mto Kaveri, ambao kabla ya kuingia baharini hugawanyika matawi mengi na kunywesha nchi nzima. Namwomba msomaji aukumbuke mpunga huo, kwa maana ndio uliolijenga hekalu ninalotaka kulieleza, na ndio uliolilisha baada ya kujengwa.

Watamil huliita Periya Kovil, maana yake Hekalu Kubwa, basi. Vitabu huliita Brihadisvara. Mfalme aliyelijenga aliliita Rajarajesvaram, kwa jina lake mwenyewe. Alikuwa Rajaraja wa Kwanza wa ukoo wa Chola, aliyetawala tangu mwaka 985 hata 1014, na hekalu alilijenga kwa ajili ya mungu Shiva. Kazi ilimalizika mwaka 1010. Tukitaka kuupima wakati huo kwa kipimo cha kwetu, tukumbuke kwamba maandishi ya msikiti wa Kizimkazi kule Unguja, ambayo ni katika maandishi ya kale kabisa ya pwani yetu, ni ya mwaka 500 wa Hijra, yaani 1107. Siku yalipochongwa hayo, hekalu la Thanjavur lilikuwa limekwisha kusimama karibu miaka 100.

Mlangoni mtu huvua viatu, humwachia mtunzaji, akapewa kibati chenye nambari. Halafu hupita malango mawili ya kale, kila moja lina mnara wake uliojaa sanamu, akatokea katika ua mpana wa mita 240 kwa 120 hivi. Asubuhi ya Januari sakafu yake ni baridi. Saa sita mchana ni kikaango, na nawashauri watakaokwenda huko waje mapema kama nilivyofanya mimi. Uani mgeni wa dini yoyote haulizwi neno. Penye chumba cha ndani kabisa, anapokaa mungu wao, mimi nilisimama nje ya kizingiti, si kwa sababu nilikatazwa, bali niliona ndiyo adabu.

Katikati ya ua husimama mnara. Kimo chake ni karibu mita 60, yaani yapata futi 200, na kitako chake ni mraba wa mita 30 hivi kila upande. Una ghorofa 13, kila moja nyembamba kuliko iliyo chini yake, mpaka juu kabisa penye jiwe la mviringo kama kofia, na juu ya kofia chombo cha shaba kilichopakwa dhahabu. Ukiutazama kutoka nje wadhani ni mlima wa mawe matupu. Sivyo. Ndani ni uwazi mtupu. Mafundi walipanga mawe safu juu ya safu, kila safu ikiingia ndani kidogo kuliko iliyo chini yake, mpaka kuta nne zikakutana huko juu, na uzito wa mawe wenyewe ndio unaoyashika. Mawe hayo ni ya itale, jiwe gumu linalovunja tindo, na makadirio yanayotajwa sana husema kwamba yote pamoja yapata tani 130,000. Nchi ya Thanjavur haina mawe. Chimba upendavyo, utapata udongo wa mto. Kila kipande kililetwa kutoka mbali, makumi ya kilomita, bila injini.

Jambo kubwa kama hilo halikosi kuzaa hadithi. Mzee mmoja mwenye kibali cha kuwaongoza wageni alinichukua, akaanza nazo. Alisema jiwe la kofia ni jiwe moja lenye uzito wa tani 80, nalo lilivutwa na tembo juu ya tuta la mchanga lililoanzia kijiji cha umbali wa kilomita 6. Waliolipima jiwe hilo kwa karibu wanasema kofia ile ni vipande kadhaa vilivyounganishwa kwa ustadi. Alisema pia kwamba ng'ombe wa mawe aliye mbele ya hekalu alikuwa akikua kila mwaka, mpaka alipopigiliwa msumari. Kisha akaja kwenye hadithi wanayoipenda kupita zote.

"Thambi," aliniambia, na neno hilo maana yake ni mdogo wangu, ndivyo wazee wa Kitamil wamwitavyo mwanamume yeyote aliye mdogo kwao, "kivuli cha mnara huu hakianguki chini kamwe."

Ilikuwa saa mbili asubuhi. Kivuli kilikuwa kimelala uani upande wa kaskazini-magharibi, kirefu, na watoto watatu walikuwa wamekaa ndani yake wakila miwa.

"Na hicho, ayya, ni nini?" nikamwuliza. Ayya ni neno la heshima kwa mtu mzima.

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Wageni wengi hawatazami chini," akasema. "Basi, wewe mwalimu, njoo nikuonyeshe kuta."

Kabla ya kwenda kwenye kuta, niwaambie wanafunzi kwamba hadithi ya kivuli ina chembe ya kweli. Thanjavur uko karibu digrii 11 kaskazini ya Ikweta. Kwa hiyo mara mbili kila mwaka, mwezi wa Aprili na mwezi wa Agosti, jua la mchana husimama wima juu ya mji, na kivuli cha mnara huwa kimefichika juu ya kitako chake chenyewe. Siku nyingine zote kinaanguka chini kama kivuli cha mti wowote, na Kidato cha Pili wangeweza kukitumia pamoja na fimbo ya mita moja kuupima urefu wa mnara.

Sasa kuta. Sehemu ya chini ya hekalu, tangu kwenye nyayo mpaka juu ya kichwa cha mtu, imejaa maandishi yaliyochongwa mstari juu ya mstari. Herufi ni ndogo, za duara, zimesimama karibu karibu bila nafasi kati ya neno na neno. Nilidhani ni sala au mashairi ya kumsifu mungu. Mzee aliweka kidole chake hewani, kwa maana si ruhusa kuyagusa, akasema, "Hizi ni hesabu."

Na kweli ni hesabu. Mfalme aliamuru kwamba kila kitu alichokitoa yeye, alichokitoa dada yake mkubwa Kundavai, walivyotoa wake zake na walivyotoa wengine, kiandikwe juu ya mawe. Yameandikwa mavazi ya dhahabu na lulu, pamoja na uzito wake. Zimeandikwa sanamu 66 za shaba na za madini mengine, urefu wa kila moja kutoka kichwani hadi nyayoni, na idadi ya mikono yake, kwa maana miungu ya Kihindu huweza kuwa na mikono minne au zaidi. Vimeandikwa vijiji vilivyopaswa kuleta mpunga, hata vijiji vya kisiwa cha Lanka, ambacho sehemu yake ya kaskazini Rajaraja alikuwa ameiteka. Wameandikwa makarani, walinzi, wapiga ngoma, wawasha taa, wachukuzi wa miavuli, masonara, maseremala, wafinyanzi, vinyozi, madobi na washonaji, na posho ya kila mmoja.

Kilichonipendeza kuliko vyote ni hesabu ya taa. Taa za hekalu zilipaswa kuwaka daima kwa samli. Sasa mtu akitaka kutoa sadaka ya taa moja itakayowaka milele, atoe nini? Akitoa samli itakwisha. Akitoa fedha zaweza kuliwa. Watu wa Chola walitoa kondoo. Kwa taa moja walitoa kondoo majike 96, wakawakabidhi mchungaji, naye akawajibika kuleta kipimo kidogo cha samli kila siku, yeye na watoto wake na wajukuu wake. Maziwa na wana-kondoo waliozidi ni mali yake, ndio mshahara wake. Lakini idadi ya 96 haikupaswa kupungua kamwe. Akifa mmoja, mchungaji humweka mwingine mahali pake. Kwa hiyo watu wa zamani hizo waliwaita kondoo wasiokufa wala wasiozeeka. Mwenye kupenda aliweza kutoa ng'ombe 48 badala ya kondoo 96, au nyati wa kufugwa 16. Yaani nyati mmoja kwa ng'ombe watatu, na ng'ombe mmoja kwa kondoo wawili. Wazazi wetu wafugaji watajua kama bei hiyo ni ya haki.

Fedha nazo zilitumika kwa namna hiyo hiyo. Sarafu yao iliitwa kasu. Mtu akitoa kasu kwa hekalu hazikuwekwa sandukuni. Zilikopeshwa kwa mabaraza ya vijiji, na vijiji vililipa riba kila mwaka, thumni moja ya kasu kwa kila kasu, yaani asilimia 12 na nusu. Riba iliandikiwa matumizi yake. Ipo sadaka ambayo riba yake ilikuwa ya kununulia iliki, machipukizi ya maua ya champaka na mizizi ya harufu nzuri, ili kuyatia manukato maji ya kumwogeshea mungu. Nilisimama mbele ya ukuta huo muda mrefu. Fikiri: mtu alisimama hapo na tindo na nyundo, akachonga katika jiwe la itale habari ya iliki, ili karani wa miaka 300 baadaye asije akasema hakujua.

Ukutani mna pia majina ya wanawake 400. Walikuwa wachezaji ngoma na waimbaji, nao mfalme aliwahamisha kutoka mahekalu mengine ya nchi yake, akawajengea mitaa kando ya hekalu jipya. Kila mmoja ameandikwa jina, hekalu alilotoka, mtaa aliopewa, upande wa mtaa, na nambari ya nyumba, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kuendelea. Kila mmoja alipata fungu la mpunga kalam 100 kwa mwaka (kalam ni kipimo chao cha nafaka), basi kwa wanawake hao peke yao hekalu lilihitaji kalam 40,000. Akifa mmoja au akihama, jamaa yake wa karibu hushika kazi na fungu. Kama jamaa hajui kazi, hutafuta anayeijua. Sijui mahali pengine ambapo watu 400 wasio wakubwa wa nchi waliandikwa hivyo na mfalme, mmoja mmoja, miaka 1,000 iliyopita. Hata hivyo ukuta hausemi kama wao wenyewe walipenda kuhama. Desturi hiyo ya kuwaweka wanawake wakfu kwa mahekalu iliendelea kwa karne nyingi, ikaharibika, na mwishowe wasichana wadogo wakawa hawana la kusema juu ya maisha yao. Aliyeipiga vita zaidi alikuwa daktari mwanamke, Muthulakshmi Reddy, ambaye mama yake mwenyewe alitoka katika jamaa za wanawake hao. Sheria ya kuipiga marufuku ilipitishwa Madras mwaka 1947.

Hapo nafikia jambo ambalo nalitaka hasa wanafunzi wa historia walifikiri. Mfalme aliyejali kuandika kila kondoo na kila punje alisahauliwa. Ukoo wake ulianguka katika karne ya 13. Wakaja wafalme wengine, wa Vijayanagara, wa Nayaka, kisha Wamaratha, na mwisho Waingereza. Herufi za Kitamil zikabadilika polepole hata msomi wa Kitamil akawa hawezi kuyasoma maandishi ya kale bila kujifunza upya. Watu waliendelea kusali humo kila siku, mabega yao yakipita karibu na kuta hizo, na walipoulizwa ni nani aliyelijenga hekalu walitaja wafalme wengine wa hadithi. Katika miaka ya 1880 Mjerumani mmoja, Eugen Hultzsch, aliyeajiriwa na serikali ya Madras kusoma maandishi ya mawe, aliyanakili maandishi hayo na kuyatafsiri. Jina la Rajaraja lilikuwepo pale wakati wote, tena mara nyingi.

Na kuna mambo ambayo ukuta unayasema bila haya, ingawa mwongozaji hayatangulizi. Baadhi ya dhahabu ya hekalu, maandishi yenyewe yasema, ilitoka katika hazina za wafalme wa Chera na Pandya, ambao Rajaraja aliwashinda vitani. Kwa lugha nyepesi, ni nyara. Fundi mkuu ametajwa kwa jina, Kunjara Mallan. Lakini walioyavuta mawe yale na kuyapandisha hawakuandikwa. Kinyozi yumo, dobi yumo, maana walikuwa na fungu katika mpunga. Aliyevuta jiwe siku moja akaenda zake, au akafa chini yake, hayumo.

Tena lipo swali la nani aliruhusiwa kuingia. Kwa desturi ya tabaka, watu walioitwa najisi, ambao jasho lao ndilo lililolima mpunga ule wa Kaveri, hawakuruhusiwa kuvuka lango la mahekalu. Walilima, mavuno yakaenda hekaluni, na wao wakabaki nje. Hapa Thanjavur mlango ulifunguliwa mwaka 1939. Mtu wa ukoo wa wafalme Wamaratha, ambao ndio wadhamini wa hekalu kwa urithi, aliyafungua mahekalu 90 aliyoyasimamia, hili likiwamo, kwa Wahindu wa tabaka zote, na Gandhi alitia sahihi maneno ya kulisifu tendo hilo. Mwaka huo huo Madras ilipitisha sheria juu ya jambo hilo, na Katiba ya Bara Hindi ya mwaka 1950 ikaufuta kabisa unajisi wa tabaka. Watu wanaokumbuka kuzuiliwa mlangoni sasa ni wachache sana, wazee mno. Mimi nauona mwaka 1939 kuwa tarehe kubwa ya hekalu hili, si chini ya 1010.

Yako mengine ambayo mgeni hayaoni. Kukizunguka chumba cha ndani pana ujia mwembamba wenye giza, na kuta zake zina picha za rangi za wakati wa Rajaraja. Zilifichika chini ya picha zilizochorwa juu yake baadaye na wachoraji wa Nayaka, na zikagunduliwa mwaka 1931 na mwalimu wa chuo kikuu, S. K. Govindasami, pale chokaa ya juu ilipokuwa inabanduka. Tangu hapo mafundi wa Idara ya Mambo ya Kale wamejifunza kuzibandua picha za juu bila kuziharibu, wakazihifadhi kando, na za chini zikaonekana. Katika ujia wa juu yake zimechongwa namna za kucheza ngoma, ambazo kwa hesabu ya vitabu vyao zapaswa kuwa 108. Zimechongwa 81. Mawe 27 ya mwisho yapo mahali pake, yamechongwa mraba, matupu. Mimi nimeviona vitu hivyo kwa picha tu.

Mzazi mmoja aliyesikia kwamba nitaandika habari hizi aliniuliza, mtoto wa dini nyingine ana haja gani na hekalu la Wahindu? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba sikwenda kusali. Nilikwenda kama mtu aendavyo kutazama magofu ya Kilwa, bila kujali ni ya dini gani, ila hapa si magofu. Hekalu bado linatumika, na watu bado wanabishana juu yake kama watu wanavyobishana juu ya kitu kilicho hai. Mwaka 1997, katika ibada kubwa ya kulitakasa, moto ulizuka uani na watu zaidi ya 40 wakafa. Ibada hiyo haikufanywa tena mpaka tarehe 5 Februari 2020. Na kabla haijafanywa, watu walikwenda mahakamani kwa ajili ya lugha. Wengine walitaka isomwe kwa Kisanskriti, lugha ya makuhani kama ilivyozoeleka. Wengine walisema mfalme aliyeandika hesabu zake ukutani kwa Kitamil hangekataa kuombewa kwa Kitamil. Mahakama Kuu ilikubali zitumike lugha zote mbili, na zikatumika.

Maandishi ya ukutani nayo bado yanafanya kazi. Sanamu nyingi kati ya zile 66 zimepotea au zimeibwa. Mwaka 2018 polisi wa Tamil Nadu walirudisha hekaluni kutoka Ahmedabad sanamu mbili za shaba ambazo walisema ni za Rajaraja na malkia wake. Katika mashauri ya namna hiyo, daftari la mawe lenye urefu wa kila sanamu ni shahidi asiyehongeka, ingawa wataalamu huweza kubishana kama kitu kilichopatikana ndicho kilichoandikwa.

Kwa bahati nilikuwa pale siku ya pili ya Pongal, sikukuu yao ya mavuno, siku ambayo ni ya ng'ombe. Yule ng'ombe wa mawe, Nandi, ambaye ni kipando cha Shiva, amechongwa katika jiwe moja lenye urefu wa mita 6 hivi. Si wa wakati wa Rajaraja; aliletwa na wafalme wa Nayaka baadaye. Siku hiyo hupambwa kwa mboga na matunda, tani nzima na zaidi: maboga, bilinganya, karoti, mchicha, ndizi, machungwa, na vitamu, vyote vimefungwa shingoni na mgongoni mpaka jiwe halionekani, pua tu. Uani waliletwa ng'ombe hai, pembe zao zimepakwa rangi, shingoni wana mashada, na wengine hawakupendezwa hata kidogo na kelele. Ng'ombe mmoja alikula shada la mwenziwe huku kuhani akisoma. Hakuna aliyemfukuza.

Ibada ilipokwisha mboga zilishushwa, watu wakajipanga, kila mtu akapewa fungu. Nilikuwa nimesimama kando, lakini mzee wangu alinivuta mkono akaniingiza kwenye mstari, nyuma ya mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Nilipewa bilinganya mbili na karoti moja. Mwenye nyumba ya wageni nilimofikia alizichukua, akazipika jioni ile pamoja na dengu na ukwaju, tukala na wali.